Kufungia wachochezi mtandaoni: nani aamue, na kwa kipimo gani?

Mjadala kuhusu kufungia kurasa za wapiga propaganda katika mitandao ya kijamii una uzito wa pekee mjini Kigali, kwa kuwa hapa gharama ya kutozuia uchochezi inajulikana. Mwaka 1994, redio RTLM iliendelea kutangaza majina ya watu na maficho yao wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwezi Mei mwaka huo, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikataa pendekezo la kuvuruga matangazo hayo kwa ndege maalumu, ikitaja vikwazo vya kisheria na gharama ya takriban dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka.

Kipimo cha kisheria kilipatikana baadaye jijini Arusha. Katika kesi ya vyombo vya habari, iliyoamuliwa Desemba 2003 na kuhitimishwa katika rufaa Novemba 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilithibitisha kuwa maneno ya redioni yanaweza kuwa uhalifu. Hata hivyo, majaji wa rufaa walitenganisha kauli ya chuki kwa ujumla na uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa kutenda mauaji ya kimbari.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni ina upana zaidi. Kifungu cha 39 kinaadhibu uvumi unaoweza kuzusha hofu, uasi au ghasia, na pia ule unaoweza kumpotezea mtu uaminifu mbele ya jamii. Adhabu ni kifungo cha miaka 3 hadi 5 na faini ya faranga milioni 1 hadi 3. Wanaoitetea wanakumbusha historia ya nchi. Shirika la Human Rights Watch, katika taarifa yake ya Machi 2022, lilikosoa mashtaka dhidi ya watu waliotoa maoni yao YouTube. Ugumu uko hapo: wito wa ghasia na kauli inayomchafulia mtu jina vimewekwa katika kifungu kimoja, kwa adhabu moja.

Nchi jirani zimejaribu njia nyingine. Uganda iliufunga mtandao wote wa Facebook Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti ilizozihusisha na serikali. Wengi walihamia VPN, na mfanyabiashara mdogo akaadhibiwa pamoja na mchochezi. Nchini Kenya, Julai 2022, tume ya utangamano NCIC iliipa Facebook siku 7 kudhibiti kauli za chuki, lakini mawaziri walitangaza kuwa mtandao hautafungwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili suala hili halina mpaka. Sauti iliyorekodiwa Goma au Bukavu hueleweka Nyamirambo na Bujumbura bila mkalimani, na amri ya nchi moja haiizuii. Mtumiaji anayemfungia mchochezi katika simu yake husafisha kioo chake tu. Ujumbe huendelea kuzunguka katika kundi la familia. Kuripoti kuna nguvu zaidi. Kwa kuwa mazungumzo ya WhatsApp yamefichwa hata kwa kampuni yenyewe, taarifa ya mtumiaji ndiyo huwafikishia wakaguzi jumbe 5 za mwisho.

Kadiri sheria inavyotaja wazi kosa ni lipi, nani ataliamua na zuio litadumu kwa muda gani, ndivyo wananchi wanavyoweza kuliamini zuio hilo. Pasipo hayo, mkosoaji na mchochezi huonekana sawa, na anayefaidika ni mchochezi, kwa kuwa hupata malalamiko ya haki ya wengine ya kujifichia.