Skolashipu Haijasainiwa, Kiki ya Nini?

Kuna dogo mmoja mkimbiaji wa Eldoret (jina kapuni) alipigiwa simu na kocha wa chuo kimoja Marekani. Ofa ya mdomo tu. Jua halijazama, skrinishoti ishazagaa Instagram. Ndugu wakaanza kuchangishana nauli, majirani wakamwita Mmarekani. Baadaye kocha akapata mwingine mwenye muda mzuri zaidi, akapotea hewani. Mpaka leo dogo akipita sokoni anaulizwa, "Ndege lini?"

Wanaomcheka wanasema ushamba. Si kweli. Hukohuko Marekani ndio mtindo, kila ofa inatupiwa mtandaoni, na kocha mwingine akiiona anaweza kuvutiwa. Ila ofa ya mdomo haimfungi mtu. Chuo kinaweza kugeuka, mchezaji pia. Na kanuni za NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo kule, hazimruhusu kocha kumwongelea hadharani mchezaji ambaye hajasaini, zaidi ya kukiri tu kwamba anamfuatilia. Kocha kafungwa mdomo, dogo anapiga kelele za nini?

Mwenye ofa mbili amwambie kocha wa pili moja kwa moja, si kupitia stori za Instagram. Akae na mzazi na mwalimu wake wa mbio, waulize: inalipa ada yote au nusu? Chakula na malazi je? Akiumia goti itakuwaje? Hayo hayajibiwi na laiki.

Asaini, apate viza, ndipo aposti. Picha ya uwanja wa ndege haijawahi kuchacha.