Uvumi si Ushahidi

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Usemi huo unafaa barazani, lakini mtumishi wa umma akiufanya kuwa kanuni ya kazi atawapotosha wale anaowatumikia.

Wilayani Tunduru jambo hili si nadharia tupu. Katika miaka ya 1980 simba waliua watu wilayani humo. Mara nyingi, simba wanapoua watu kusini mwa nchi yetu, huzuka maneno kwamba si simba wa porini bali wametumwa na wachawi.

Je, katika hali hiyo ukweli wa hakika unaweza kupatikana? Wapo wanaodai kwamba haiwezekani, kwa sababu tukio lilitokea usiku na aliyeliona ameuawa. Hoja hiyo ni nusu ya kweli. Habari ya simba kutumwa haina kipimo cha kuithibitisha wala cha kuikanusha. Lakini nyayo hupimwa, majeraha huchunguzwa na tarehe huandikwa.

Watafiti walikusanya kumbukumbu za namna hiyo, na mwaka 2005 jarida la Nature likatangaza kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania. Ilidhihirika kwamba mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, na kwamba wengi walishambuliwa mashambani walikolala kulinda mazao yasiliwe na nguruwe mwitu, ambao simba huwawinda.

Neno "wasiopungua" lina uzito wake. Halidai kwamba kila kifo kinajulikana. Linakiri kwamba vipo ambavyo havikuandikwa. Hakika anayoweza kuifikia binadamu ndiyo hiyo: kusema lenye ushahidi na kuonyesha mpaka wake. Uvumi humtia hatarini kikongwe asiye na hatia. Kumbukumbu humwonyesha mkulima kwamba hatari imo katika dungu analolala.

Hapana budi, basi, kila afisa mtendaji wa kijiji aandike tukio mapema na kwa usahihi. Kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi ziliwekwa mwaka 2011, lakini mfiwa ambaye msiba wake haukuandikwa atadai kwa ushahidi gani? Walimu nao wawazoeze wanafunzi kuuliza: nani aliona, lini, na kwa dalili ipi? Taifa linalouliza hivyo halitajua yote, lakini litajua la kutenda.