Saiba yako ilisasishwa lini?

Vijana hubishana hadi mapovu yawatoke: Windows au Linux? Swali lenye uzito ni jingine. Kompyuta ya saiba unayotumia pale Mitaboni kuomba HELB au kuingia eCitizen, ilisasishwa lini? WannaCry ya Mei 2017 iliteka mashine za Windows zilizokosa kiraka kilichotolewa Machi. Na Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Linux si hirizi. Nayo lazima isasishwe. Lakini Linux Mint ni ya bure na haichoshi mashine kuukuu, na kazi nyingi za saiba ni kivinjari na printa tu.

Mwenye saiba, mashine yako ikiwa haiwezi Windows 11, hamia huko. Nawe mteja, uliza kabla ya kuandika nywila. Usione soni.