Kuficha Programu Si Kulinda Faragha

Kuficha programu kwenye simu janja ni kuiondoa ikoni yake kwenye skrini ya mwanzo na kwenye orodha ya programu, ilhali programu yenyewe imebaki palepale, inapokea ujumbe na kutuma taarifa kama ilivyokuwa jana yake. Katika simu nyingi za Android hilo ndilo tu linalofanyika. Hata hivyo watu wengi huamini kwamba programu ikishafichwa, faragha imelindwa. Video fupi za mitandaoni hufundisha jinsi ya kuficha WhatsApp kwa dakika moja, wanafunzi wa vyuo huelekezana, na wauza simu huitaja kuwa ni sifa ya simu mpya. Imani hiyo si ya kweli. Tena ina madhara, kwa sababu humfanya mwenye simu aridhike mapema na kuyaacha mambo machache ambayo yangemlinda.

Uwezo wenyewe umekuwapo kwa miaka mingi. Kwenye Android, kupanga ikoni ni kazi ya programu moja, ile inayochora skrini ya mwanzo, na kuficha ni kuiagiza isichore ikoni fulani. Samsung wameliweka chaguo hilo kwenye mipangilio ya skrini ya mwanzo. Simu za Tecno na Infinix, zinazotengenezwa na kampuni ya Transsion na zilizoenea sana Afrika Mashariki, nazo zina njia zake. Apple waliruhusu programu iondolewe kwenye skrini ya mwanzo bila kufutwa walipotoa iOS 14 mwaka 2020. Mwaka 2024 yalikuja mambo mazito zaidi: iOS 18, ambayo hufungia programu kwa uso au kidole, na Android 15, yenye eneo la faragha lenye kufuli yake. Hayo mawili yana hukumu yake mbele. Kinachotumiwa na wengi ni kule kuficha kwa kawaida.

Programu iliyofichwa kwa njia ya kawaida hufichuka kwa kugusa skrini mara mbili au tatu. Mtu akifungua Mipangilio na kuingia sehemu ya Programu, anakuta orodha nzima kuanzia A mpaka Z, na iliyofichwa imo. Akienda kwenye betri, anaona ipi imekula chaji kiasi gani. Akienda kwenye hifadhi, anaona ukubwa wake. Akiitafuta kwenye Play Store, kitufe ambacho kingemwambia apakue kinamwambia afungue. Halafu saa tatu usiku arifa inaingia, na jina la programu iliyofichwa linawaka juu ya skrini mbele ya kila aliyeketi sebuleni. Hata iPhone, ambayo imelifanya jambo hili kwa uangalifu zaidi, haiahidi kwamba programu itatoweka kabisa. Apple wenyewe hueleza kuwa iliyofichwa inaweza bado kuonekana kwenye takwimu za muda wa matumizi, kwenye betri na kwenye kumbukumbu za manunuzi ya App Store.

Udhaifu huo huonekana vizuri kwenye meza ya fundi simu, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Mteja analeta simu yenye kioo kilichopasuka. Fundi anaomba namba ya siri ili akijaribu kioo kipya. Namba inaandikwa kwenye kipande cha karatasi, karatasi inabandikwa kwa gundi mgongoni mwa simu, na simu inalala dukani. Mteja aliyeficha programu zake kabla ya kutoka nyumbani anajiona amejihadhari, kumbe ameacha ufunguo kwenye kitasa. Samsung walianza mwaka 2022 kuweka hali ya matengenezo, inayomwezesha fundi kuijaribu simu bila kuona picha, ujumbe wala akaunti za mwenyewe. Chaguo hilo ndilo lililostahili kutangazwa kwenye zile video fupi.

Wataalamu wa maandishi ya siri waliacha kutegemea maficho zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mtaalamu wa lugha mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, aliandika katika jarida la kijeshi la nchi hiyo kwamba mfumo wa kulinda ujumbe ni lazima ubaki salama hata adui akiukamata na kuujua wote. Kitakiwacho kuwa siri ni ufunguo peke yake. Kwa kipimo hicho programu iliyofichwa haina ulinzi wowote. Usalama wake wote unategemea mtafutaji asijue pa kutafuta, na pa kutafuta panafundishwa na watu walewale wanaofundisha kuficha.

Kosa la pili la imani hii ni kudhani kwamba siri ya mtu imo ndani ya programu. Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya siri za fedha iko kwenye kisanduku cha meseji. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, wakati watu wengi walikuwa na simu za vitufe, ikajengwa juu ya menyu za laini na ujumbe mfupi. Mpaka leo kila muamala huacha meseji yenye kiasi kilichotumwa, jina la aliyepokea, tarehe, saa na salio lililobaki. Meseji za miezi sita zinasimulia maisha ya mtu: ada ya shule ililipwa lini, nani hutumiwa pesa kila mwisho wa mwezi, duka gani linadai, siku gani salio lilibaki shilingi mia nne. Mwenye simu ameificha programu ya benki, na daftari lake lote la hesabu liko wazi kwenye meseji, ambazo hakuzificha wala hakuzifuta. Yeyote aliyeishika simu ikiwa wazi hana haja ya programu ya benki. Anapandisha kidole na kusoma.

Lakini jambo zito zaidi ni kwamba kuficha kunamzuia mtazamaji wa nje tu, ilhali kwa wengi hatari imo ndani ya programu. Waswahili walikwisha sema kikulacho ki nguoni mwako, na programu za mikopo ya mtandaoni zimelithibitisha neno hilo kwa namna chungu. Mtu anayeona haya kujulikana kuwa anakopa huipakua programu ya mkopo, anaipa kila ruhusa inayoomba, anapokea shilingi zake, kisha anaificha ikoni ili mke au mume asijue. Zile ruhusa ndizo zilizokuwa bei yenyewe. Programu iliyoruhusiwa kusoma majina na namba za kwenye simu imekwisha kuzinakili na kuzipeleka kwa mwenye kampuni. Siku ya kulipa ikipita, meseji zinaanza kuingia kwenye simu ya shemeji, ya bosi, ya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, zikimtaja mdaiwa kwa jina na kumwita tapeli. Aibu iliyofichwa kwa mtu mmoja inafika kwa watu mia mbili. Na ikoni bado imefichwa.

Mamlaka za nchi zimelikabili tatizo hilo bila kujishughulisha na ikoni. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikataza wakopeshaji wa kidijitali kuwatisha na kuwadhalilisha wadaiwa, au kuwasumbua watu walio kwenye orodha zao za simu. Google nao mwaka 2023 walizizuia programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma majina na picha za watumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na Tume inayopokea malalamiko. Sheria hizi mbili zinauliza taarifa za mtu zimechukuliwa na nani, kwa idhini gani, na zimetumiwa kwa kazi gani. Hilo ndilo swali la faragha. Mwananchi anayejua kuficha ikoni lakini hajui kwamba anaweza kulalamika kwenye Tume amefundishwa nusu ya jambo, tena nusu isiyo na faida.

Kwenye simu yenyewe nako kuna kinga. Android huomba idhini ya mtumiaji kwa kila ruhusa nyeti tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, na ruhusa hiyo huweza kuondolewa wakati wowote kwenye Mipangilio. Android 12 ya mwaka 2021 iliongeza alama ya kijani inayowaka juu ya skrini kamera au kipaza sauti kinapotumika, na ukurasa unaoonyesha ni programu ipi ilisoma mahali alipo mtu na saa ngapi. Kuupitia ukurasa huo mara moja kunafichua mengi kuliko mwaka mzima wa kuhamisha ikoni. Tochi inayotaka kusoma meseji, mchezo wa karata unaotaka kujua mahali ulipo: hizo ni za kunyimwa ruhusa au kufutwa. Ni kweli kwamba taarifa zilizokwisha kuondoka hazirudi, ndiyo maana kunyima mapema kuna thamani kuliko kujuta baadaye.

Tena ifahamike kwamba mtumiaji stadi kuliko wote wa mbinu ya kuficha ikoni ni jasusi. Programu za kumpeleleza mwenza au mfanyakazi husakinishwa na mtu aliyeishika simu kwa dakika chache, hujiondoa kwenye skrini, kisha hutuma meseji, picha na mahali alipo mwenye simu. Mtu aliyezoea kuamini kwamba kisichoonekana hakipo ndiye windo lake rahisi. Wakati mwingine hata programu ya kijasusi haihitajiki: WhatsApp ya mtu huweza kuunganishwa na kompyuta ya mwingine kwa kupiga picha msimbo mmoja tu, na mazungumzo yakasomwa chumba cha pili. Ushahidi wake uko kwenye sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, ndani ya WhatsApp yenyewe, na kifaa kisichojulikana hutolewa hapohapo.

Anayeumizwa zaidi na ushauri huu potofu ni mwanamke anayeishi na mume mkali. Huambiwa aifiche programu anayotumia kuwasiliana na ndugu au na watu wa msaada, naye anaamini amejikinga. Mume anayepekua simu kila usiku atafika kwenye Mipangilio siku moja, na atakachokuta ni programu pamoja na dalili kwamba ilifichwa. Katika nyumba ya namna hiyo kule kuficha huhesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko ujumbe wenyewe. Kwa mwanamke huyo, simu ya dada au jirani anayemwamini, isiyowahi kupita mikononi mwa mume, ni salama kuliko maficho yoyote kwenye simu ya nyumbani. Kumshauri vinginevyo bila kujua hali yake ni kumweka hatarini.

Yale maeneo yenye kufuli, yaani eneo la faragha la Android 15 na programu zilizofungwa za iOS 18, pamoja na folda salama ya Samsung, yana nguvu kwa sababu yanafunga. Kuficha ni nyongeza tu. Nguvu hiyo nayo hupotea kirahisi. Kidole cha mwenza kikiwa kimesajiliwa kwenye simu, na eneo la faragha likaachwa litumie kufuli ileile ya simu, kidole hicho hufungua vyote viwili. Eneo hilo lahitaji namba yake yenyewe, isiyo mwaka wa kuzaliwa wala namba ya M-Pesa. Namba ya tarakimu nne ina mipangilio 10,000. Ya tarakimu sita ina milioni moja. Kwa mtoto anayechezea simu ya baba, au mwenzako wa ofisini anayechungulia, kuficha ikoni kunatosha. Matumizi yake halali yanaishia hapo.

Anabaki mwizi. Kibaka anayepora simu kutoka kwenye bodaboda hapotezi muda kutafuta ikoni. Huchomoa laini, akaipachika kwenye simu nyingine, na tangu hapo meseji zote za uthibitisho zinamfikia yeye: za barua pepe, za WhatsApp, za akaunti yoyote inayobadilisha nenosiri kwa kutuma msimbo kwenye namba ya simu. Menyu ya M-Pesa, yaani *150*00# ya Vodacom Tanzania na *334# ya Safaricom, hufunguka kwenye simu yoyote yenye laini hiyo, na kinachobaki kumzuia ni namba ya siri peke yake, ambayo wengine wameiandika kwenye meseji au kwenye orodha ya majina. Dhidi ya mtu huyo kinga ipo, na ni ya tangu enzi za simu za vitufe: namba ya siri ya laini, inayowashwa kwenye Mipangilio upande wa usalama. Kabla ya kuiwasha itafutwe namba iliyokuja na laini, kwenye kadi yake au kwa mtandao husika, kisha ibadilishwe ikishawashwa. Laini iliyofungwa hivyo ikiingizwa kwenye simu nyingine huuliza namba kwanza, na ikikosewa mara tatu hujifunga mpaka iwekwe namba ya kuifungulia, iitwayo PUK.