Ramani, Simu na Sauti za Wapagazi: Teknolojia katika Ufundishaji wa Fasihi na Historia Unyamwezini

Imezoeleka kudaiwa kwamba mwanafunzi asiyevutiwa na fasihi wala historia atavutwa na kompyuta. Dai hili halikosi ukweli, ila lafaa lipimwe mahali mahususi. Chukuliwe Ziba, wilayani Igunga, mkoa wa Tabora: nchi ya Unyamwezi, ambayo vijana wake walijitwika sehemu kubwa ya mizigo ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji katika karne ya 19.

Mradi unaopendekezwa mara nyingi ni wa ramani ya kielektroniki, ambapo wanafunzi husoma habari za safari na kubandika vituo vyake. Matini inayofaa ipo: tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode mjini Berlin mwaka 1902–1903, na kutolewa upya na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Ramani ya namna hiyo hupendeza, na hapo ndipo penye hatari. Huonyesha alikopita mwenye mali. Aliyeibeba mali hiyo haonekani.

Kazi yenye manufaa zaidi ni ndogo, tena haihitaji intaneti. Matini iingizwe katika kompyuta moja, kisha programu ya kutafuta maneno itoe kila sentensi yenye neno ‘wapagazi’. Mwanafunzi aulizwe: humo wapagazi ni kiima au ni yambwa? Je, wanadai, wanakataa, wanatoroka. Au wanatafutwa, wanahesabiwa na kulipwa tu? Swali hili la sarufi ni la historia vilevile, na ni vigumu kuona litakavyojibiwa kwa kalamu na karatasi katika kipindi cha dakika 40. (Tahajia ya Brode itawasumbua wanafunzi, usumbufu huo una faida yake.)

Hata hivyo, tawasifu ya mfanyabiashara haiwezi kumsemea mpagazi. Hapa ndipo kinasa sauti kinapohitajika. Hakuna mzee wa leo aliyeuona msafara, lakini masimulizi na nyimbo za kazi hurithiwa, nazo hurithiwa kwa Kinyamwezi. Shule za Tanzania hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Kinyamwezi hakina kipindi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi, akiwa na nia njema kabisa, hunasa wimbo na kuandika tafsiri yake ya Kiswahili peke yake. Mizani, takriri na mafumbo hupotea siku hiyo hiyo. Mradi wowote usiodai unukuzi wa Kinyamwezi kabla ya tafsiri unaharibu kile unachodai kukihifadhi.

Pingamizi kwamba shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu si zito: simu moja ya mwalimu yatosha darasa zima. Zito ni suala la umiliki. Tembe la Kwihara, karibu na Tabora, hukumbukwa kwa Livingstone na Stanley, waliofika hapo pamoja mwaka 1872. Mwaka 2006 Kwihara iliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO pamoja na vituo vingine vya njia hiyo. Kumbukumbu za wageni zina pa kukaa. Za wabebaji zikinaswa Ziba na kuhifadhiwa chuo kikuu pekee, mjukuu wa msimulizi atalazimika kuomba ruhusa ili amsikie babu yake. Nakala ya kwanza, ya sauti na ya maandishi, ibaki Ziba.