Kipimo cha risasi kiwafikie wanyonge

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaujua ukweli wa methali hii kuliko sisi tunaoifundisha darasani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa mtaani humo kilifungwa mwaka 2014, lakini risasi ilikuwa imekwisha kuingia katika udongo na katika damu ya watoto.

Kiswahili hutumia neno hilo moja, risasi, kwa madini haya na kwa kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Tofauti ni kwamba risasi ya udongoni haina mlio. Hainuki wala haiozi. Hudhoofisha ubongo wa mtoto pole pole bila ya mzazi kushtuka. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alihangaika na mwanawe aliyetibiwa maradhi mengine hadi damu yake ilipopimwa risasi. Wakazi walishtaki, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufani iliitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha mnamo Desemba 2024. Lau vumbi lile lingalipimwa mapema, huenda machozi mengi yangaliepukwa.

Ndiposa habari za vipimo vya bei nafuu zinatia moyo. Mwaka 2023 wanasayansi wa taasisi ya AMOLF, Uholanzi, walieleza dawa ya kunyunyizia ambayo, ikikutana na risasi, hung'aa rangi ya kijani inapomulikwa kwa taa ya urujuanimno. Ukuta, sufuria au udongo huweza kupimwa papo hapo.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Mng'ao huo huonyesha kwamba risasi ipo. Hausemi ni kiasi gani kimo mwilini. Kutong'aa nako si cheti cha usalama, kwani Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kipimo hiki hubisha hodi tu. Maabara ndiyo huingia ndani.

Rai yetu ni kwamba serikali izipe vipimo hivi shule zilizo karibu na viwanda na majaa ya taka, vitumiwe chini ya uangalizi wa walimu wa kemia. Nayo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilazimike kutuma wataalamu kila inapopokea ripoti. Mnyonge akilalamika huambiwa alete ushahidi. Basi na apewe chombo cha kuupata.