Afya Nyumbani: Meno Meupe na Taa ya Buluu

Wahenga walisema: "Ukitaka uzuri, sharti udhurike." Twawaheshimu wahenga, lakini neno hili tusilipeleke mpaka kinywani. Vijana wetu wa Kasongo na Kabambare wenye simu waweza kukutana na matangazo ya taa ndogo yenye mwanga wa buluu. Yasemwa kwamba ukiitia kinywani pamoja na dawa, meno yatakuwa meupe kama pamba kwa dakika chache. Msichana anayekaribia ndoa ataitamani, mwanafunzi naye ataitamani, hata fedha ya shule ipotee hapo. Basi tulitazame jambo lenyewe.

Gamba la nje la jino ni gumu, nalo hupitisha nuru. Chini yake mna sehemu yenye umanjano. Kwa hiyo jino lenye umanjano kidogo si jino gonjwa, wala si la kuonewa haya. Chai, kahawa na tumbako hulitia madoa, na uzee huzidisha umanjano wake.

Kinachong'arisha ni dawa, wala si taa. Dawa hiyo ni peroksidi ya hidrojeni, ile ile iliyomo katika maji ya oksijeni ya kusafishia vidonda, ila huwa kali zaidi. Hupenya gamba na kuivunja rangi ya madoa. Wataalamu wamelinganisha watu waliotiwa dawa pamoja na taa na wale waliotiwa dawa peke yake: mwishowe tofauti ilikuwa ndogo, au haikuonekana. Mbona basi mtu hutoka chini ya taa meno yaking'aa? Ni kwa kuwa yamekauka, na jino kavu huonekana jeupe zaidi. Baada ya siku chache mate huyarudishia maji, na sehemu ya weupe ule hutoweka.

Tena iko hatari. Dawa kali huunguza fizi, na meno huuma yakipata baridi. Taa yaweza kuzidisha maumivu hayo. Taa nyingine huunguza midomo na kudhuru macho. Jino lenye tundu huingiza dawa mpaka ndani penye uhai. Kwa sababu hizo Umoja wa Ulaya uliagiza mwaka 2011 kwamba dawa hizi zisipite asilimia 6, na zile zinazozidi asilimia 0.1 ziuzwe kwa madaktari wa meno tu, wala wasipewe walio chini ya miaka 18. Sembuse chupa ya sokoni isiyo na maandishi?

Wala tusikimbilie makaa, mchanga au limau. Vitu hivyo hula gamba, na gamba likiisha haliti tena.

Yako pia madoa yenye asili nyingine. Karibu na Arusha, Tanzania, wengi wana meno ya kahawia kwa sababu ya floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni. Jino lililopigwa likafa ndani hugeuka jeusi. Taa haiondoi asili ya mambo hayo. Daktari atazame kwanza.

Wazazi, wafundisheni watoto kupiga mswaki mara mbili kila siku kwa dawa yenye floridi, na kupunguza sukari. Aumwaye jino aende hospitali mapema. Heri jino la manjano litafunalo kuliko jeupe liumalo.